KUFIKIRI KAZINI SI KOSA!



Kila siku tunatafutia shida njia: umeme unakatika, maji inakosekana, na maisha inaendelea. Artikle 15, wote tunaijua. Lakini kijana akiingia kazini anaambiwa: "Weye fanya tu vile shefu amesema!" Akili yake hakuna anayeiuliza.

Tangu 1964 inchi yetu iko na INPP, na waajiri wanapashwa kuitolea mchango ili wafanyakazi wafundishwe. Wafundishwe nini? Kushika mashine peke yake haitoshi. Mfanyakazi ajue pia kutafuta chanzo cha shida, kulinganisha njia mbili tatu, na kukamata uamuzi.

Huko Japani, ndani ya Toyota, mfanyakazi akiona kosa anavuta kamba, na kazi inaweza kusimama. Wanauliza "juu ya nini?" mara 5 mpaka wafike kwenye mzizi. Huku kwetu, ukiuliza mara 1 tu unaitwa kichwa nguvu.

Semina ndani ya hoteli, picha, cheti, halafu kesho yake hauna ruhusa ya kuamua hata kitu kidogo: huko ni kudanganyana.

Tunadai:
- mafunzo haya yafike kwa wafanyakazi wa chini, siyo kwa washefu peke yao;
- kila mfanyakazi aandikiwe mambo anayoweza kuamua mwenyewe;
- anayesimamisha kazi juu ya hatari asifukuzwe.

Tumechoka kukodisha mikono peke yake. Tuko na vichwa pia!