Loliondo: Ramani ya malisho haichorwi bila mfugaji

MGOGORO wa ardhi wa Loliondo, wilayani Ngorongoro, umeandikwa sana kama habari ya siasa, ya utalii au ya haki za binadamu. Ni mara chache umeandikwa kama habari ya uchumi, ingawa wanaolipa gharama zake kila siku ni mfugaji wa Ololosokwan, mchuuzi wa Wasso na mfanyabiashara wa mahindi wa Karatu.

Makala haya yanautazama kwa jicho la uchumi wa kilimo. Hoja yake ni moja: mpango wa matumizi ya ardhi husanifiwa kama nyumba inavyosanifiwa. Fundi asiyemuuliza mwenye nyumba ana watoto wangapi na anapikia wapi, anaweza kujenga nyumba nzuri isiyokalika. Na nyumba isiyokalika ni hasara kwa aliyeijenga na kwa aliyejengewa.

Mchoro ule ule

Pori Tengefu la Loliondo lilikuwa na ukubwa wa kilometa za mraba 4,000, na vijiji vilikuwa ndani yake kisheria. Machi 2013 aliyekuwa Waziri wa Maliasili na Utalii, Khamis Kagasheki, alitangaza kuwa Serikali ingebaki na kilometa za mraba 1,500 zinazopakana na Hifadhi ya Serengeti, na 2,500 wangeachiwa wananchi. Wananchi walipinga, na Septemba mwaka huo Waziri Mkuu wa wakati huo, Mizengo Pinda, aliwaambia kuwa ardhi hiyo wataendelea kuitumia.

Mjadala ukarudi. Mwaka 2017 kamati ya wadau chini ya aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Arusha, Mrisho Gambo, ilikaa, ikabishana na kupendekeza njia ya kati: eneo lile liwe jumuiya ya hifadhi ya wanyamapori, ambayo vijiji vina sauti ndani yake. Hata hivyo, Agosti mwaka huo huo maboma yalichomwa moto katika operesheni ya kuwaondoa wafugaji. Operesheni ilisitishwa Oktoba na Waziri mpya, Dk Hamisi Kigwangalla.

Juni 2022 vigingi vilisimikwa kuzunguka zile kilometa 1,500. Askari polisi mmoja aliuawa, wananchi walijeruhiwa na wengine walivuka mpaka kwenda Kenya. Eneo lilitangazwa Pori Tengefu la Pololeti, na Oktoba mwaka huo likapandishwa kuwa pori la akiba. Septemba 2023 Mahakama Kuu Arusha iliamua kuwa tangazo la Juni halikuwa halali, kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa. Lakini wakati huo tangazo la pori la akiba lilikwishatoka, hivyo hukumu haikumrudishia mfugaji malisho.

Ukiangalia mfululizo huo utaona kuwa kwa miaka tisa mchoro haukubadilika. Kilichobadilika ni mawaziri, matamko na nguvu iliyotumika. Njia ya kati pekee ilitoka pale wadau walipoketi meza moja, nayo haikutekelezwa.

Hesabu ya mfugaji

Serikali ina hoja isiyopaswa kubezwa. Eneo lile ni mapito na mazalia ya wanyamapori wa ikolojia ya Serengeti, lina vyanzo vya maji, na utalii unaliingizia Taifa fedha za kigeni. Idadi ya watu na mifugo nayo imeongezeka. Asiyekubali hayo hajafika Loliondo.

Tatizo ni namna ya kuhesabu. Kwenye karatasi, kutoa 1,500 katika 4,000 ni kubakiza zaidi ya asilimia 60. Mfugaji hahesabu hivyo. Ng'ombe wake hali wastani wa mwaka. Anakula masika sehemu moja na kiangazi sehemu nyingine. Sehemu kubwa ya ukanda ule ilikuwa akiba ya kiangazi. Ukimnyang'anya mwenye duka stoo yake, huwezi kumwambia ashukuru kwa kuwa bado ana asilimia 60 ya jengo.

Tuchukue mfano wa kukadiria, nawe weka namba za mnada wako. Boma lina ng'ombe 40, na kila mmoja anapungua kilo 20 zaidi kwa kukosa malisho ya kiangazi. Hizo ni kilo 800. Ikiwa mnunuzi anathamini kilo ya ng'ombe hai kwa Sh3,000, boma hilo limepoteza Sh2.4 milioni bila ng'ombe hata mmoja kufa. Hapo hatujahesabu maziwa ya watoto wala ndama waliotoka mimba.

Hasara hiyo haiishii bomani. Mfugaji huuza mbuzi ili anunue mahindi. Kiangazi kikiwa kibaya wote huuza kwa pamoja, bei ya mbuzi inaanguka huku debe la mahindi likipanda. Familia iliyokuwa ikiuza mbuzi mmoja kwa mwezi inauza wawili. Mwenye lori la mahindi kutoka Karatu anaweza kudhani amepata, lakini msimu unaofuata mteja wake hana mbuzi wa kuuza. Muuza sukari, fundi cherehani na mama lishe wa siku ya mnada wote wanategemea ng'ombe huyo huyo.

Walioanza na walichokikuta

Je, kuna njia nyingine? Ipo, na mfano wa kwanza uko wilaya hiyo hiyo. Katika tarafa ya Sale, Wabatemi, ambao wengi huwaita Wasonjo, wamemwagilia mashamba yao kwa mifereji kwa karne kadhaa. Baraza la wazee waitwao wenamiji hugawa maji kwa zamu. Si mfumo wa usawa kamili, kwani wapo wenye haki kubwa na wengine ndogo, lakini kila mtu anaijua zamu yake na anajua atakayemshtakia ikiibwa. Ndiyo maana umedumu.

Mfano wa pili ni Shinyanga. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI, katika mkoa ambao miti ilikuwa imefyekwa kwa miongo mingi ili kuua mbung'o na kupanua mashamba. Mwanzoni wataalamu walitegemea vitalu na miti ya kigeni, na mafanikio yalikuwa madogo. Kisha wakageukia kitu ambacho Wasukuma walikuwa nacho tayari: ngitili, yaani eneo linalofungwa wakati wa mvua na kufunguliwa kiangazi. Hadi mradi unafungwa mwaka 2004, zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudishwa kuwa ngitili. Mmasai naye ana utaratibu wa jamii hiyo, alalili, malisho ya akiba yanayotengwa kwa ajili ya ndama.

Mfano wa tatu unafanana zaidi na mazingira ya Loliondo. Wilayani Kiteto, ambako mapigano ya wakulima na wafugaji yaliua watu Januari 2014, vijiji vya Olkitikiti, Lerug na Ngapapa viliunganisha malisho yao na hata majina yao, wakayaita OLENGAPA. Wanakijiji walichora wenyewe ramani ya maji, chumvi na njia za mifugo, ndipo wataalamu wakaihamishia kwenye ramani za vipimo. Eneo la pamoja ni zaidi ya hekta 20,000, lina hati za kimila na chama cha wafugaji kinachosimamia.

Katika mifano yote mitatu mtaalamu hakufukuzwa wala mzee wa kijiji hakupuuzwa. Kila mmoja alileta alichonacho. Tofauti na Loliondo ni kwamba waliohusika waliweza kuubadilisha mchoro kabla haujakauka wino.

Hapo ndipo neno 'kushirikisha' linapochanganywa. Kusaini karatasi ya mahudhurio na kupokea nauli si kushirikishwa. Kamati ya mwaka 2017 ilishirikisha kwa dhati, lakini haikuwa na chochote cha kuwafunga wakubwa watekeleze walichokubaliana. Ushirikishaji usio na nguvu ya kubadili uamuzi huzaa hasira zaidi kuliko ukimya.

Kijiji kifanye nini

Kwanza, tumieni sheria iliyopo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999 inaruhusu vijiji jirani kuingia makubaliano ya pamoja ya kutumia ardhi. Malisho hayafuati mipaka ya vijiji, hivyo mpango wa kijiji kimoja pekee hautoshi kwa mfugaji.

Pili, msisubiri mgeni aje kuchora. Utaratibu wa Tume ya Taifa ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi una hatua sita, na hatua ya tatu ni kuchora matumizi yaliyopo. Chorini yenu mapema: maji ya kiangazi, njia za kwenda mnadani, mashamba, alalili na mapito ya nyumbu. Mkiyaacha mapito ya wanyamapori nje ya mchoro, mtakuwa mmefanya kosa lile lile mnalolilalamikia.

Tatu, wawekeni mezani wanaobeba mzigo. Mama ndiye anajua maji yako umbali gani mwezi wa tisa, na kijana mchungaji ndiye anajua nyasi zinaishia wapi. Mkulima na mfanyabiashara wa mnadani nao wawemo, kwa sababu wao ndio watakaoivunja ramani ikiwaumiza.

Nne, makubaliano yapitishwe na mkutano mkuu wa kijiji, yaandikwe kwenye muhtasari na yawekewe sheria ndogo zenye faini. Makubaliano ya mdomo ni vigumu kuyathibitisha mahakamani.

Kwa upande wa Serikali, Februari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan aliunda tume mbili, moja kuhusu migogoro ya ardhi Ngorongoro na nyingine kuhusu wakazi kuhama kwa hiari kutoka hifadhini. Kipimo cha kazi ya aina hiyo si unene wa ripoti. Kipimo ni iwapo mfugaji akioneshwa ramani ya mwisho ataona mahali ambapo maneno yake yalisogeza mstari.

Vigingi vinaweza kusimikwa kwa siku chache. Kinachogharimu ni kuvilinda miaka yote dhidi ya watu ambao hawakuulizwa, na gharama hiyo inalipwa na mlipa kodi, wakiwamo hao hao ambao ng'ombe wao wanazidi kukonda.