Mungu si Dawa ya Vita

Wandugu wakristu, tuseme leo wazi jambo ambalo wengi wetu twalificha chini ya nguo.

Jumapili moja tulikuwa tukimsaidia padri kubatiza watoto. Chini ya nguo nyeupe ya mtoto mmoja tuliona kamba nyeusi kiunoni, na kifuko cha mganga. Tulipomwuliza mama yake, alijibu bila haya: «Mwalimu, vita vimekaribia. Mungu atamlinda, na hii itasaidia.» Mama yule si mpagani. Kila Jumapili yumo katika Misa. Lakini moyoni mwake Mungu ni mlinzi dhaifu, apaswa kutafutiwa mwenzake.

Wako wengi kama yeye. Wengine hawana kamba, wana medali, nao waivaa medali ya Bikira Maria kama hirizi, wakisema risasi itapita kando. Na sisi wakatekista tuna kosa letu: mara nyingi tuliwaacha waseme hivyo, kwa sababu tulifurahi kuona medali nyingi shingoni.

Je, dawa ya vita ilimwokoa nani? Mwaka 1964 Wasimba walinyunyiziwa maji, wakaenda vitani wakipiga kelele «Mai Mulele!» Waliambiwa kwamba risasi zitageuka maji. Tarehe 5 Agosti waliingia Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo, na watu wengi wakaamini. Kisha vijana maelfu walikufa kwa bunduki. Waganga walisema nini? Walisema: aliyekufa alivunja mwiko, aligusa mwanamke, au aliiba, au alitazama nyuma. Angalieni werevu huo! Mtu akipona, dawa yasifiwa. Akifa, maiti yalaumiwa. Dawa haikosi kamwe, maana wafu hawajibu.

Twajua mtatupinga: «Na Mungu wenu je? Masista waliosali, hawakuuawa?» Swali hili ni la haki, nasi hatulikimbii. Mwenye Heri Anuarite Nengapeta, sista wa Jamaa Takatifu, alichukuliwa na Wasimba pamoja na wenzake kutoka Bafwabaka. Mfukoni alikuwa na sanamu ndogo ya Bikira Maria. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba 1964, huko Isiro, kolonele mmoja alimtaka awe mke wake, alikataa kabisa. Akapigwa, akachomwa kwa visu vya bunduki, akapigwa risasi. Alikuwa hajatimiza miaka 25. Sanamu haikuzuia kisu. Wala hakuichukua kwa kazi hiyo.

Hapo ndipo penye tofauti. Mwenye dawa ataka asife, na kwa kutaka hivyo aweza kuua, kuiba, hata kumsaliti ndugu yake. Anuarite alitaka asimwache Bwana wake. Alichokiomba alikipata. Kabla ya kufa alimsamehe mwuaji. Na tarehe 15 Agosti 1985, huko Kinshasa, Papa Yoane Paulo wa Pili alipomtangaza kuwa Mwenye Heri, naye alimsamehe mtu yule kwa jina la Eklezya yote. Ni dawa gani yaweza kumpa mtu nguvu ya kumsamehe anayempiga?

Msiseme: hayo ni ya zamani. Floribert Bwana Chui alikuwa akikagua vyakula vinavyoingia Goma. Mwaka 2007 alikataa rushwa ya kupitisha mchele ulioharibika. Akauawa, naye ni kijana wa miaka 26. Feza nazo ni dawa: huahidi kutulinda, kisha hutudai roho. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa kuwa Mwenye Heri huko Roma.

Hatusemi mkae tu mkingoja. Vita vikija, kimbizeni watoto. Mtoto akishikwa na homa, mpelekeni dispanseri. Kidonge hakiombi kuabudiwa. Tusemalo ni hili: msimpe Mungu msaidizi aliye adui yake, wala msinunue usalama kwa dhambi. Yezu hakuahidi kwamba mwili hautaguswa. Yeye mwenyewe alitundikwa msalabani. Aliahidi kwamba hakuna atakayetunyang'anya mkononi mwake.

Basi jioni hii, mbele ya kusali Rozari, baba na mama watazame viunoni mwa watoto, juu ya mlango, chini ya mto wa kulalia. Kitakachopatikana kipelekwe kwa padri, kichomwe moto. Medali ibaki shingoni, lakini iwe alama ya Yule tunayemfuata, isiwe ngao ya risasi.

Mama yule aliikata kamba mwenyewe, mbele ya maji ya ubatizo. Mikono yake ilitetemeka. Twamheshimu kuliko wenye bunduki wengi, maana aliogopa, na hata hivyo aliikata.