Imani na Dawa Si Wake Wenza

Ndugu zetu Wakristo wana kisa katika Injili ya Marko, mlango wa 5, cha mwanamke aliyetokwa na damu miaka 12. Alizunguka kwa waganga, mali ikamwishia, na hali ikazidi kuwa mbaya. Akapenya katika umati, akaligusa vazi la Nabii Isa, akapona. Akaambiwa imani yake ndiyo iliyomponya. (Luka, ambaye Wakristo husimulia kuwa alikuwa tabibu, hasemi kwamba waganga walimzidishia maradhi. Watu wa kazi moja husitiriana!)

Sisi Waislamu hatuna la kushangaa hapo. Sura ya Aal Imran yatwambia Isa aliponya vipofu na wenye ukoma kwa idhini ya Mwenyezi Mungu. Na kombe la zafarani, nani hapa Pwani hajalinywa?

Ninalolipinga ni kumwambia mgonjwa wa sukari kwamba kutumia dawa ni upungufu wa imani. Mwanamke yule aliwaendea waganga mpaka akabaki mikono mitupu, wala hakulaumiwa kwa hilo. Na Mtume wetu (S.A.W.) alituamrisha tujitibu.

Jirani yangu aliacha sindano zake kwa maneno kama hayo, tena si ya padri, ni ya mtu wa kwetu mwenye kilemba. Mguu umekatwa.