Modeli ya Uchumi Huanzia Kwenye Rejesta ya Zahanati

Chuo Kikuu cha Mzumbe, kilicho chini ya Milima ya Uluguru, kilianza mwaka 1953 kama shule ya serikali za mitaa, na hadi leo huwafunda wasimamizi na wapanga mipango, wa sekta ya afya wakiwamo. Mihadhara ya wazi na warsha kuhusu modeli za uchumi na sera ni sehemu ya maisha ya vyuo vya namna hiyo. Sisi wa fani ya tiba huzisikia kwa mbali, tukidhani ni mambo ya wahasibu. Naamini tunakosea, na ushahidi uko Morogoro kwenyewe.

Modeli ya uchumi ni hesabu inayouliza: shilingi hii tukiiweka hapa badala ya pale, nani atapona na nani atakosa? Katika miaka ya 1990, Wizara ya Afya na shirika la utafiti la Kanada, IDRC, walianzisha mradi wa TEHIP katika wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini, ambayo wakati huo ilijumuisha Mzumbe. Ilibainika kwamba malaria ilisababisha takriban asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea Morogoro, ilhali ilitengewa asilimia 5 tu ya bajeti ya afya ya mwaka 1996. Hakuna aliyekusudia ubaya. Mipango ilifuata mazoea. Timu za afya za wilaya zilipooneshwa mzigo wa maradhi na mgawanyo wa fedha katika michoro rahisi, zilibadili mipango yao. Nyongeza ya fedha haikufika dola 1 kwa kila mkazi kwa mwaka. Katika miaka iliyofuata, vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40.

Sidai kwamba hesabu peke yake iliwaponya watoto hao. Waliponywa na dawa, vyandarua na wahudumu waliofunzwa vizuri. Hata hivyo, hesabu ndiyo iliyoonesha mahali pa kuvipeleka.

Nasi tujiulize namba hizo zilitoka wapi. Wengi walifia nyumbani, wala rejesta za hospitali hazikuwaona. Wadadisi walipita kaya kwa kaya wakiwauliza wafiwa dalili za marehemu. Nyuma ya kila asilimia palikuwa na mama aliyekubali kusimulia msiba wake. Kwa hiyo mgonjwa na ndugu zake si wageni katika elimu hii. Wao ndio chimbuko lake.

Suala hili lina uzito wa pekee sasa, baada ya Bunge kupitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Kiwango cha mchango na kitita cha mafao hupangwa kwa makadirio: nani atajiunga, ataugua mara ngapi, tiba itagharimu kiasi gani. Watu wakijiunga pale tu wanapougua, mfuko hukauka. Mwananchi akielezwa hilo kwa Kiswahili fasaha hulielewa mara moja, kwa kuwa ndivyo vikundi vyetu vya kufa na kuzikana vinavyoishi. Asipoelezwa, huona kiwango kipya kama hila.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, mihadhara ya wazi iwe wazi kweli: kwa Kiswahili, na wagonjwa na wajumbe wa kamati za vituo waalikwe. Pili, warsha zianzie kwa muuguzi anayejaza vitabu vya MTUHA jioni akiwa amechoka. Nimewahi kuona rejesta iliyojazwa kwa siku moja kwa ajili ya mwezi mzima. Hakuna modeli itakayoiponya rejesta hiyo. Muuguzi akiona jinsi namba yake inavyoleta dawa zahanati kwake, ataijaza kwa uangalifu mwingine. Tatu, kila modeli itaje makisio yake, ili wanaoishi nayo waweze kuyapinga. Mama mjamzito wa Mgeta anajua kwamba kilomita 5 za mlimani wakati wa masika si sawa na kilomita 5 za kwenye ramani.

Mtaalamu wa uchumi anajua kukokotoa. Muuguzi na mgonjwa wanajua kinachokokotolewa. Ukumbi unaowakalisha wote pamoja ndio utakaotupatia bajeti inayofanana na maradhi yetu.