Programu huria bila maelezo haijatolewa bado

Vijana wenzetu wa Goma, Bukavu, Bunia na Lubumbashi, ninyi wenye kuandika programu na kuziweka wazi kwenye intaneti: tunawapongeza. Lakini tusidanganyane. Programu yenye kutolewa bila maelezo, bado muko nayo mfukoni.

Jibu lenu tunalijua: « Kode iko pale, kila mutu asome. » Kila mutu nani? Programu huria inampa mutu haki ya kuitumia, kuisoma, kuibadilisha na kuigawa. Bila maelezo, haki ya kubadilisha inabaki ya mwenye kuandika na marafiki zake wawili. Ni sawa na sheria za inchi hii: zimechapwa, lakini raia hajui abishe mlango gani.

Ugonjwa si wa Kongo peke yake. Mwaka 2017, GitHub, pale wengi wanatunza kode yao, iliuliza wenye kufanya kazi hii. 93% walisema wanakutana na maelezo pungufu ao yaliyopitwa na wakati. Na 60% ya wachangiaji walikubali kwamba wao wenyewe hawayaandiki, ao ni mara chache tu.

Lakini kwetu inauma zaidi. Mukumbuke tarehe 31 Desemba 2018, kesho yake ya uchaguzi: serikali ilikata intaneti, tukakaa karibu siku 20 gizani. Maelezo yenye kukaa kwenye tovuti tu yalimsaidia nani siku zile? Na hata leo, mega ni bei. Kwa hiyo maelezo yasafiri ndani ya programu yenyewe, mutu aipokee kwa USB na aisome bila mtandao: namna ya kuiweka ndani ya ordinatere, inahitaji nini, toleo hili limebadilisha nini, ikigoma ufanye nini, leseni ni gani. Kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, si Kiingereza tu. Kisha mwite nesi ao mwalimu, mumuache aiweke peke yake, mufunge midomo. Pale atakwama, ndipo muandike.

« Tutaandika kesho. » Kesho fundi amepata kazi Kinshasa, na kituo cha afya kinabaki na ordinatere yenye hakuna anayeijua. Wenye kuuza programu za kufungwa wanangojea tu siku hiyo, mkataba mkononi.

Basi chuo, shirika ao kikundi kikitangaza « programu huria », tuulize mbele ya watu wote: maelezo yako wapi? Kama hakuna, hakuna makofi.