Wasichana Nao Wapewe Uwanja

Wahenga walinena kwamba penye nia pana njia. Methali hii tunaipenda sana, na katika insha zetu haikosi kujitokeza. Leo naomba niwapinge wahenga kidogo. Nia peke yake haitoshi. Njia sharti itengenezwe, na mara nyingi hutengenezwa na mtu mwingine. Shahidi wangu ni Tabitha Chawinga, mshambuliaji wa Malawi.

Huenda baadhi yenu hamlijui jina hilo, maana mjadala wa kandanda darasani kwetu huanzia Arsenal ukaishia Manchester United. Tabitha alizaliwa mwaka 1996 huko Rumphi, kaskazini mwa Malawi, akaanza kucheza mpira na wavulana tangu utotoni. Alipokuwa bado msichana mdogo, wapinzani waliona anavyowachenga wakadai ati ni mvulana. Wakamlazimisha avue nguo uwanjani ili waamini. Jambo hilo lilimpata mara mbili. Jamani! Nani kati yetu angerudi kucheza baada ya aibu kama hiyo? Yeye alirudi.

Nia, basi, alikuwa nayo. Lakini tazameni kilichofuata. Klabu ya DD Sunshine ya jijini Lilongwe ilimchukua ikampa jezi na mechi za kucheza. Mwaka 2014 klabu moja ndogo ya Uswidi ilimsajili, akawa mwanamke wa kwanza kutoka Malawi kuchezea klabu ya Ulaya. Mwaka 2015 alihamia Kvarnsveden iliyokuwa daraja la pili, akafunga mabao 43 na timu ikapanda hadi ligi kuu. Mwaka 2017 akawa mfungaji bora wa ligi kuu hiyo. Akaenda China, akaongoza kwa mabao huko pia. Msimu wa 2022/23 aliifungia Inter Milan ya Italia mabao 23 ligini, na msimu uliofuata akaifungia Paris Saint-Germain ya Ufaransa mabao 18. Kote huko hakuna aliyemzidi. Mwaka 2024 alijiunga na Lyon, klabu iliyokuwa imekwisha kutwaa ubingwa wa Ulaya mara 8.

Mdogo wake, Temwa, alipitia Kvarnsveden vilevile. Mwaka 2024 alifunga mabao 20 katika ligi ya Marekani akiwa na Kansas City Current, rekodi ya msimu mmoja katika ligi hiyo, akateuliwa mchezaji bora.

Wafungaji wawili wa kiwango hicho kutoka nyumba moja! Je, ni muujiza? Mimi nasema la. Temwa alipita njia ambayo dada yake alikuwa amekwisha kuifyeka. Kufunga mabao ni kazi ya kujifunza. Mshambuliaji lazima ajue wakati wa kumtoroka beki na wakati wa kungoja, na apige shuti kabla kipa hajajipanga. Hayo huyapati kwa kukaa kando ukishangilia.

Sasa tugeuze macho hapa kwetu. Siku za michezo ni Jumatano na Ijumaa. Saa kumi ikifika wavulana huuchukua uwanja wote pamoja na mipira yote minne. Sisi wasichana huambiwa tuchezee kule nyuma ya jikoni, penye mawe, au tukae tuwapigie makofi. Mwaka jana tulikwenda mashindanoni baada ya kufanya mazoezi mara tatu tu. Tukafungwa mabao matano kwa nunge. Tuliporudi tukaambiwa wasichana hawajui mpira. Kwa hakika, tungeujulia wapi?

Wapo watakaosema kwamba msichana wa shule ya kutwa ana kazi nyumbani: achote maji, apike, amwogeshe mdogo wake. Ni kweli, hata mimi jiko huningoja. Lakini kaka yangu tunaishi naye nyumba moja na tunasoma shule moja. Yeye hurudi saa kumi na mbili na jasho lake, na chakula hukikuta mezani. Wengine husema mpira utatuangusha mtihani. Mbona wavulana hawaambiwi hivyo?

Tena msidhani Kenya haina vipaji. Harambee Starlets walifika Kombe la Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2016. Mwaka 2024 wasichana wetu wa chini ya miaka 17 walikwenda Jamhuri ya Dominika, wakawa timu ya kwanza ya kandanda ya Kenya kucheza Kombe la Dunia la FIFA. Wakaifunga Mexico 2-1. Hao ni rika letu kabisa.

Ninachoomba si kikubwa. Jumatano uwanja uwe wa wasichana, Ijumaa uwe wa wavulana. Mipira tugawane miwili miwili. Walimu wetu wapendwa nao wawaandikie wazazi barua, ili siku hiyo moja turuhusiwe kubaki hadi saa kumi na moja na nusu. Mvulana atakayetaka kuja tucheze pamoja, karibu. Hata Tabitha alianzia kwa wavulana.

Siwezi kuahidi kwamba atatoka Tabitha katika shule yetu. Hata hivyo, kama yumo, huenda sasa hivi yuko nyuma ya jikoni akiruka mawe, na mwakani atamaliza Kidato cha Nne bila mtu kumjua. Walimu na wavulana, jambo hili liko mikononi mwenu. Jumatano ijayo tutakuwa pale uwanjani saa kumi kamili, tukingoja mpira.

Mwanachama, Kidato cha Tatu