Kuiga Kuna Mwisho, Hata Kwenye Sataranji



Katika mashindano ya sataranji kuna ufunguzi uitwao wa Kiingereza, kwa sababu Mwingereza Howard Staunton aliutumia Paris mwaka 1843. Mwenye nyeupe husogeza askari wa pembeni, c4. Mwenye nyeusi akiiga, c5, ubao huwa kama kioo. Kuanza hivyo si kosa. Lakini nyeupe hutangulia daima, na mfalme wako akitishiwa huwezi kuiga tena, lazima umwokoe.

Sisi washonaji tunayaona haya. Biharusi analeta picha ya gauni la mwenzake, tunashona, baba anabaki na deni.

Biharusi wetu, picha iwe mwanzo tu. Gauni hushonwa kwa kipimo chako, na mfuko pia una kipimo chake.